Kompyuta Iliposema Hakuna

Mwanangu, siku ile ingali mbele ya macho yangu, na nilikuwa wa umri wako, sketi ya kubana na mdomo mrefu. Kazi yangu ilikuwa kutunza hifadhidata ya wagonjwa katika kliniki moja ndogo pale Awendo, kando ya barabara ya malori ya miwa. Nilijiona fundi kwelikweli, mjinga mimi.

Nilikuwa nimeandika ruwaza, yaani umbo la maneno ambalo kompyuta hulisaka ndani ya maandishi. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa, kompyuta ipekue maelezo yake ya zamani na kutoa onyo kama kuna dawa inayomdhuru. Ilifanya kazi vizuri, ila kwa wagonjwa walioandikwa na Mzee Owuor. Huyo alikuwa karani wetu wa miaka mingi, na tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Faili za makarani wengine zilipita bila shida. Zake, kompyuta inaganda, feni inanguruma, chumba kinapata joto mchana kweupe, na jibu halitoki hata ungoje saa nzima.

Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba ni jachien, roho ya marehemu iliyokataa kutulia. Mfagizi akaacha kuingia chumbani mwangu. Mbele yao nilicheka, lakini nikibaki peke yangu na ile feni ianze kunguruma, nywele zilinisimama. Haki, niliogopa. Basi nikafanya jambo linaloniuma hadi leo: niliiambia kompyuta iziruke faili zote za Mzee Owuor. Utafutaji ukawa wa haraka ajabu. Nikasifiwa, nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, aliletwa Akinyi, msichana wa Uriri, akitetemeka kwa homa, hawezi hata kusema. Sista Pamela, muuguzi wetu mkuu, alitafuta jina lake kwenye kompyuta yangu. Jibu likaja papo hapo: hakuna onyo. Akasema atamchoma penisilini, akaivuta kwenye sindano.

"Wacha, Sista!" mama yake Akinyi akapiga kelele. "Hiyo ndiyo karibu imuue akiwa mdogo! Mzee Owuor aliandika, mimi nikiona!"

Sista akanigeukia, sindano bado mkononi.

"Faili za mzee nimeziruka," nikasema.

"Umeziruka? Kwa hivyo hii mashine inatuambia hakuna, na haijaangalia?"

Aliweka sindano chini, akasimama nyuma ya kiti changu hadi nikaifungua faili ya Akinyi na kuisoma kwa macho yangu mwenyewe. Onyo lilikuwepo. Baada ya onyo kulikuwa na vistari, vistari na vistari tena, hadi mwisho wa nafasi.

"Hivi ni vya nini?" nikauliza.

"Ni mazoea yake," Sista akasema polepole. "Kwenye karatasi alichora mstari hadi ukingoni, mtu asije akaongeza neno baadaye. Kompyuta ilipokuja akaendelea vilevile. Alikuwa anawalinda wagonjwa, ninyi mkamwita jachien."

Hapo nikaliona kosa langu. Ruwaza yangu ilikuwa na marudio ndani ya marudio. Ikikutana na ule msururu wa vistari, ilijaribu kuvigawa mafungu kwa kila namna inayowezekana, na kila kistari kilizidisha namna hizo maradufu. Nikaondoa rudio moja pamoja na ule mruko, nikatafuta tena. Jibu likaja kabla sijainua kidole. Akinyi akapewa dawa nyingine, akapona.

Ningependa kukomea hapo. Lakini kwa wiki tatu majina ya wagonjwa wengine pia yalikuwa yametafutwa. Nilipochunguza, nikapata wanne walioambiwa hakuna onyo ilhali lipo. Nikawapigia simu. Watatu wakapokea wenyewe. Simu ya wa nne, mchuuzi wa ng'ombe wa Ogwedhi, ikapokelewa na mtu mwingine. Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Wewe ni nani?" akauliza. "Ndugu yangu tulimzika Jumamosi."

Nilikata simu. Nikamweleza Sista, naye akaenda Ogwedhi mwenyewe. Aliporudi hakuniambia kitu, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa, jana ulinijia na furaha kwamba utafutaji wenu hospitalini Homa Bay umekuwa wa haraka. Nikakuuliza umefanyaje, ukanijibu umeziruka zile faili ngumu. Mwanangu, kesho rudi ukaondoe huo mruko. Kitu kikikwama, kifungue ukitazame, hata ukiogopa. Usimsingizie marehemu kosa la ruwaza yako. Na mahali ambapo mashine haijaangalia, iache iseme haijaangalia. Isithubutu kusema hakuna. Mungu akupe macho ya subira na ujasiri wa kukiri mapema, na usije ukapiga simu kama ile yangu.