Mdomo wa Samaki wa Jumamosi

Siku baba yangu kipofu aliposimama mbele ya mtaa mzima na kusema mto wetu uko hai, samaki aliyemtoa kuwa ushahidi nilikuwa nimemnunua mimi sokoni.

Ngoja nisimulie mwenyewe. Nimechoka kusikia watu wa mji wetu wa Likasi wakinisimulia kisa changu na kukikosea.

Naitwa Carmen. Nina diploma, sina kazi, na nina mdomo.

Baba yangu, Symphorien, alikuwa fundi wa chuma. Nyuma ya nyumba yetu unapita mto mdogo, Kasunko. Wakati wa kiangazi mtu mwenye miguu mirefu anauruka. Humo baba alikuwa anavua manda kwa kijiko.

Si kijiko cha kulia uji. Ni kipande cha shaba, umekikata kama jani, umekikunja kidogo, umekisugua kwa majivu na ndimu mpaka kinawaka. Nyuma unafunga ndoano. Unakitupa juu ya jiwe, unakivuta polepole, nacho kinayumba majini kama kisamaki kilichoumia.

Manda ni samaki wa meno, meno yenyewe yako nje. Kitu kinachowaka mbele yake hawezi kukivumilia. Anakirukia kwa hasira zaidi kuliko kwa njaa.

"Usikivute kama unavuta mbuzi," baba aliniambia. "Kivute kama kanaumwa. Kaache kapumzike kidogo. Pale njo atauma."

Alinifundisha mimi, msichana, wanaume wa mtaa wakicheka. Nilipofika miaka kumi na minne niliweza kusimama mlangoni na kukiangusha kijiko ndani ya beseni, mwisho wa ua.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Samaki wa kwanza wa kijiko kipya haliwi na aliyemvua. Anapelekwa mzima, mbichi, kwa aliyekitengeneza kijiko. Yeye anamshika mdomo, anatafuta ndoano ilipouma, kisha anasema: "Kijiko kimekula." Ndipo anakaangwa.

Halafu macho ya baba yakazimika. Moja, kisha la pili.

Mwaka huohuo, kiwanda cha huko juu kikafungua mfereji wake mtoni.

Maji yakawa ya kijani kama shaba iliyonyeshewa. Siku mbili samaki walielea matumbo juu. Baada ya hapo, kimya. Hakuna chura, hakuna kaa. Nguo ukizifulia humo zinachanika zenyewe kwenye mishono. Watoto wakaota vidonda migongoni.

Hakuna aliyemwambia baba.

Yeye alikaa barazani na tupa yake, akikata vijiko kwa kupapasa. Kila Ijumaa, kijiko kipya.

"Carmen, kesho utakipeleka mu mayi."

Jumamosi ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Akageukia ukuta, hakula. Jumamosi ya pili, vilevile. Ya tatu nikapita sokoni kwa mama Colette, anayeleta samaki kutoka ziwa Tshangalele.

"Mama, unipe manda mmoja."

"Manda? Kamata thilapia, mwanangu, iko na nyama."

"Nataka manda."

"Ule wa meno na mifupa! Weye na papa yako munapendaka mateso kweli, vrai."

Ningemwambia nini? Kwamba thilapia hafuati kijiko, na mzee wangu angejua papo hapo?

Nikamlowesha yule samaki, nikamweka mikononi mwa baba. Akampapasa kichwa. Akapitisha kidole mdomoni, akashuka mpaka kwenye mashavu. Akarudi mdomoni, akapapasa tena.

"Kijiko kimekula," akasema.

Siku hiyo alikula, akacheka, akanisimulia mambo ya ujana wake.

Nikafanya hivyo miaka miwili. Kila Jumamosi.

Sasa, komisyo, ile tume ya kuchunguza mto.

Watu wa mtaa walikuwa wamelalamika kupitia kwa shefu, mkuu wa mtaa wetu, papa Casimir. Kiwanda kikajibu kwamba maji yameshapimwa, ni mazuri. Aliyeyapima? Laboratwari, maabara ya kiwanda hichohicho. Mwishowe tukaambiwa komisyo itakuja kutusikiliza. Ikiandika kwamba mto umekufa, kiwanda kitalazimika kutuchimbia visima vitatu vya pampu.

Hatukuomba kingine. Maji ya kunywa tu. Jumuiya yetu ya parokia ilifunga na kusali siku tisa kwa ajili ya visima hivyo.

Jumamosi kabla ya komisyo, baba aliniambia jambo geni.

"Huyu usimukaange. Mukaushe ku moshi."

Nikamkausha. Sikuuliza.

Alhamisi ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Bwana wa komisyo akafungua faili, akauliza: "Hapa ni nani anayeujua mto huu kuliko wote?"

"Papa Sympho!" watu wakaitikia kwa sauti moja.

Msiwacheke. Walijua hata kipofu ananusa maiti. Walimwita ili aseme umekufa, halafu twende nyumbani.

Baba akasimama na fimbo yake.

"Muto iko muzima," akasema. "Mutoto yangu analetaka manda kila samedi. Huyu hapa."

Akamtoa mfukoni yule samaki mkavu, akamnyanyua juu.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama Adrienne, kiongozi wa jumuiya, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Carmen! Sema!"

Nikasimama.

"Hakuna samaki," nikasema. "Wote nimewanunua kwa mama Colette. Nilimdanganya baba yangu kwa sababu alikuwa hataki kula. Mto umekufa. Nendeni mkaunuse."

Baba hata hakushtuka. Aligeuza uso kule sauti ya bwana wa komisyo ilikotokea, akatabasamu.

"Mutusamehe. Mutoto yangu iko na diploma. Anajuaka sana kutunga hadisi."

Watu wawili watatu wakacheka. Bwana wa komisyo naye akacheka. Akaandika.

Mama Colette, ambaye angenishuhudia, alikuwa ziwani siku hiyo, na gari la komisyo lilikuwa linanguruma nje; hawakumsikiliza mwingine. Basi. Kurasa mbili, muhuri, wameondoka.

Nilimfikisha baba nyumbani nimemshika mkono. Barazani nikashindwa kujizuia.

"Papa, juu ya nini umenifanya muongo mbele ya bantu?"

"Leta kidole yako."

Akakichukua kidole changu, akakipitisha kwenye mdomo wa yule samaki mkavu.

"Iko na tundu?"

Nikapapasa juu, chini, pembeni. Hakuna tundu.

"Samaki wa kijiko iko na tundu ku mudomo. Huyu iko na kovu ya wavu nyuma ya mashavu. Unafikiri minye nilisahau kazi yangu? Tangu samaki wa kwanza minye najua."

Nikakaa chini, sakafuni.

"Ulijua mto umekufa?"

"Macho njo ilikufa, Carmen. Pua haikufa."

"Na ukala."

"Ulikuwa unajikaza sana. Ningekataa namna gani?"

Miaka miwili. Mimi namlisha uongo, yeye anaumeza ili nisiumie.

"Lakini leo, papa. Juu ya nini leo?"

Akaisugua fimbo yake kwa kidole gumba.

"Bantu ba kiwanda balikuya mardi, siku ine mbele ya samedi ya huyu samaki, weye ulikuwa ku soko. Balisema, papa, sema muto iko muzima, mutoto yako ataingia kazi ku laboratwari. Minye naenda kufa. Weye utabaki na nani?"

Ku laboratwari. Kule kule maji yanakopimwa na kuandikwa kuwa ni mazuri. Baba alichukua maji ya mtaa mzima akaninunulia kalamu ya kuyaandikia.

Jumatatu ikaja pikipiki na barua ya kazi kutoka kiwandani, jina langu limechapwa vizuri kabisa. Nilimsomea baba yote, neno kwa neno, mpaka sahihi. Kisha nikaitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Aliisikia karatasi ikiungua.

Tangu siku hiyo hajanena nami.

Visima havikuchimbwa, wala havitachimbwa. Karatasi ya komisyo inasema mto uko hai, na karatasi haina vidonda mgongoni. Wanawake wanapanda kilima na madumu kutafuta chemchemi. Wazee wasioweza kupanda wanachota Kasunko, wanachemsha, wanakunywa.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, chukueni hili moja. Uongo wa huruma haukai nyumbani ulikozaliwa. Siku moja mtu mwenye gari atakuja kuuchukua akautumie kazi yake, na hatakuuliza uliusema kwa upendo gani.

Bado nakwenda mtoni kila Jumamosi. Natupa, navuta, naacha kipumzike, navuta. Narudi, namwekea baba kijiko kilicholowa mkononi, kitupu.

"Hakijakula, papa."

Anakipapasa, anakiweka kando. Ijumaa inayofuata nakuta kingine kipya kwenye meza.

Jana mama Adrienne alikuja na wazee wawili na jogoo mweupe wa upatanisho. Wanataka nipige magoti mbele ya baba, niombe msamaha kwa kumwaibisha mbele za watu. Halafu Jumapili nisimame kanisani, niuombe mtaa msamaha kwa wale samaki. Jogoo wakamwacha amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Baba naye leo amevaa shati lake la misa, amekaa kitini, ananisubiri.

Nimemfungua jogoo, nimemrudisha kwa mama Adrienne.

Nilimlisha baba yangu alipokataa kula, na nilisema kweli siku ilipohitajika. Siombi msamaha kwa lolote kati ya hayo. Leo siombi, na Jumapili msinisubiri.