Sufuria Kubwa Zilipoitwa Maendeleo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa mradi aliniuliza kabla sijavuta kiti, "Bi Saumu, umaskini ni nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni, "Ni upungufu wa kipato cha kaya." Akasema, "Vizuri. Meza yako ile pale dirishani." Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na miaka yangu ya mwanzo pale Kilindoni, kisiwani Mafia, nilizunguka vijijini kuuliza kila chungu kinaingiza nini. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii, na nilikuwa mjuaji kweli kweli.

Hifadhi ya bahari ilikuwa bado ngeni wakati ule. Wavuvi walikuwa wamewekewa maeneo ya kuvua na ya kutovua, watalii walikuja kupiga mbizi, na sehemu ya ada zao ilirudi vijijini kwa ajili ya maendeleo. Mradi wetu ndio uliopitisha mipango ya vijiji. Mpango uliozoeleka ulikuwa wa kisima, darasa au mashine ya kusaga. Kijiji kikileta mpango usiokubalika, mgawo wake ulikwenda kijiji kingine.

Kisha nikapelekwa semina bara, na huko ndiko nilikopandwa na wazimu ambao haujanitoka hadi leo. Mkufunzi alitufundisha uchumi unaoanza na mtu badala ya bidhaa. Alisema mahitaji ya binadamu ni machache na ni yale yale kila mahali: kula, kuwa salama, kupendwa, kuelewa, kushiriki, kupumzika, kubuni, kujulikana wewe ni nani, kuwa huru. Hayapangwi kama ngazi, kwamba ushibe kwanza ndipo utamani heshima. Yote yanakudai siku moja. Kinachobadilika ni vitoshelezi, yaani njia ambazo watu hutumia kuyatimiza. Na anayekosa lolote kati ya hayo ni maskini, hata kama ghala lake limejaa. Jamani, mwili ulinisisimka. Nilirudi Mafia nikimweleza kila mtu, hata abiria wenzangu wa boti, ambao walitaka tu kutapika kwa amani.

Nafasi ya kuijaribu nadharia ilikuja mapema. Kijiji kimoja cha kusini kilileta mpango wa kununua sufuria kubwa za kupikia shughulini, pamoja na masinia na majamvi. Mratibu alicheka hadi akavua miwani. "Hawana mashine ya kusaga, wanataka vyombo vya arusi? Nenda ukawabadilishe mawazo, la sivyo mgawo wao unahama."

Kule kijijini nilifikia kwa Bi Zainabu, mjane mkulima wa mwani, mcheshi sana, ila nilimwona hatoki. Jirani yake alikuwa na maulidi. Yeye akabaki ndani akisuka ukili. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu," alisema. "Mume wangu alipofariki bahari ilikuwa imechafuka. Vyombo vya shughuli twakodi dukani Kilindoni, vinakuja kwa mashua, na siku ile mashua haikutoka. Tukapika kwa visufuria vya mchuzi. Watu waliotoka mbali kuja kumzika wakaondoka na njaa. Toka hapo naona haya kwenda kula kwa watu."

"Na binti yako, nasikia anaolewa?"

"Anaolewa. Nimesema akaozeshwe kwa mjomba wake Kilindoni, nisiaibike mara ya pili."

Nilikaa pale pale mkekani nikihesabu mahitaji vidoleni. Kula, kupendwa, kushiriki, kujulikana: sufuria moja ilibeba yote hayo. Na Bi Zainabu, ambaye katika hesabu zangu za kaya alikuwa na hali nzuri kwa sababu ya mwani wake, alikuwa amejifungia nje ya kijiji chake mwenyewe. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikarudi ofisini. "Wamekubali mashine?" Mratibu aliuliza.

"Hawajakubali, na mimi sikuwaomba."

Nikamweleza yote. Hakuwa mtu wa kubisha ovyo. Alikuwa mchumi mzuri. "Na asiye na cha kulipia je? Wakimnyima sufuria, huo umaskini wako mpya utabaki pale pale."

"Wameshapatana. Huyo atazirudisha zimesuguliwa zikang'aa, basi. Wanaokodi kutoka vijiji vingine ndio watakaolipia matengenezo."

Akazunguka chumba kizima. "Nikipeleka jambo hili makao makuu, wataniuliza kama nimehamia biashara ya vyombo."

"Waambie ndiyo."

Nilijua jibu lile lingeweza kunifukuzisha kazi. Mratibu alinitazama, kisha akachukua koti lake. "Nitakwenda kulitetea mwenyewe. Wakinifukuza, mtanipikia huko huko kijijini."

Hawakumfukuza, na sufuria zikanunuliwa. Binti wa Bi Zainabu aliolewa kwao kijijini, na mama yake alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akiwavuta watu mkono. Nilimwona akimfuata hadi njiani mzee mmoja aliyetaka kupita zake. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Baadaye nilimtumikia Mratibu wa pili, aliyependa takwimu, na wa tatu, aliyependa mikutano. Wote niliwachosha kwa swali langu: siku hizi nani haonekani shughulini? Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, pimeni kipato, maana bei ya mwani ikishuka watu wanaumia kweli. Lakini ulizeni na hilo, halafu mwende nyumbani kwa huyo mtu.

Sasa nimestaafu, nipo kijijini Baleni, hapa hapa Mafia, na minazi yangu na magoti yasiyonitii. Ijumaa iliyopita jirani alikuwa na arusi. Niliamua kubaki ndani, nikijiambia kwamba mtu wa umri wangu akikosekana hakuna atakayejua. Mara mke wa jirani akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Magoti leo hayataki."

"Wenzako wameshakaa kwenye sinia na hawajatia mkono," alisema. "Wanakungoja wewe."

Nikaanza kumweleza kwamba sinia, kitaalamu, ni kitoshelezi.

"Utanieleza njiani, bibi," akasema, ameshanishika mkono. "Wali unapoa."

Nikatafuta ndara zangu haraka.