Alama Nilizoandika Bila Kusikiliza

Tableti zilipoletwa shuleni kwetu, mimi nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Nilikuwa nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka kumi na tisa, mingi kati ya hiyo katika shule hii yetu ya msingi upande wa mtaa wa Tena, na nilikuwa na daftari langu la alama ambalo sikuona lina kasoro gani. Kisha mwalimu mkuu akatuita afisini, akamkabidhi kila mwalimu wa darasa tableti moja. Vitabuni tunawafundisha watoto kuiita kishikwambi, lakini kwenye chumba cha walimu sijasikia mtu akilitumia neno hilo.

Ndani yake kulikuwa na programu ya kufuatilia maendeleo ya wanafunzi. Unafungua jina la mtoto, unaingiza alichoweza na alichoshindwa, nayo inamchorea mstari wake wiki baada ya wiki na kumpa rangi. Kijani ni aliyefikia matarajio, manjano ni anayekaribia, nyekundu ni aliye mbali.

Nilikuwa na watoto sitini na wanane wa Gredi ya Tatu. Muhula wa kwanza niliijaza programu ile jinsi nilivyozoea kujaza daftari, yaani nimekaa zangu chumba cha walimu, chai pembeni, nikikumbuka sura moja moja. Huyu huinua mkono kila mara, kijani. Huyu ni mkimya lakini daftari lake safi, kijani. Huyu hukosa shule siku za Jumatatu, haya, manjano. Kwa nusu saa nilikuwa nimemaliza darasa zima, na wala dhamiri haikunisumbua, kwa sababu niliamini kabisa kwamba nawajua.

Aliyenitoa hapo alikuwa mwalimu wa mkondo wa pili wa gredi hiyo hiyo. Alikuwa mama wa Kiluhya aliyebakisha mwaka mmoja astaafu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na sote tulitarajia kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kuielewa ile tableti. Akawa wa kwanza.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja tukila githeri, "hii sehemu ya kumsikiliza mtoto akisoma umewahi kuifungua?"

"Ya nini? Si nawasikia kila siku darasani?"

"Unawasikia wakisoma pamoja. Hii inataka mmoja mmoja. Inamtolea kifungu kigeni, anasoma dakika moja, wewe unagusa kila neno alilokosea. Basi."

"Watoto sitini na wanane?"

"Mimi ninao sitini na watano na nimewamaliza. Imenichukua wiki mbili. Njoo nikuonyeshe."

Alinionyesha kwa siku tatu, saa ya chakula cha mchana. Siku ya pili nilifuta kwa bahati mbaya kazi yote tuliyoingiza siku ya kwanza. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena, akasema, "Haya, tunaanza upya." Hakucheka wala hakumwambia mtu.

Basi muhula wa pili ulipofunguliwa nikatoa dawati moja nje, nikaliweka kwenye veranda karibu na mlango ili niwaone waliobaki ndani wakichora. Nikaanza kuwaita mmoja mmoja. Siku ya kwanza nilisikiliza sita. Wawili walinishangaza kidogo, nikasema labda ni woga wa tableti.

Siku ya tatu ikawa zamu ya msichana mmoja niliyempenda sana. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, msafi, na sauti yake ilikuwa kama ya mtangazaji wa redio. Nilipotaka darasa litulie nilimwambia asimame atusomee, naye angefungua kitabu cha Kiswahili na kusoma ukurasa mzima bila kujikwaa, akipumua penye koma na kushusha sauti penye nukta. Nilimwita nje kwa raha, kama mtu anayepumzika, maana yeye angenichukua dakika moja tu.

Nikamwekea kifungu. Kilianza hivi: "Mvua ilinyesha asubuhi. Baba alitafuta mwavuli wake." Aliitazama tableti. Akaigeuza upande wa nyuma, akairudisha.

"Ticha, picha iko wapi?"

"Hii haina picha. Wewe soma tu."

Aliisogeza tableti karibu na uso. Kisha akavuta pumzi, akaanza kwa ile sauti yake nzuri: "Siku moja mama alienda sokoni na kapu lake jipya. Njiani alikutana na jirani yake..."

Ilikuwa hadithi ya kitabuni mwetu. Aliisoma bila kukosea hata neno, macho yameganda juu ya maneno mengine kabisa. Tableti ikalia kuonyesha dakika imekwisha. Kidole changu kilikuwa bado hewani. Sikuwa nimegusa chochote, kwa sababu hakukuwa na neno moja la kifungu kile alilolisoma.

Nikamwonyesha herufi. *A* aliijua. *M* aliijua. *B* na *d* alizichanganya. Nikamwonyesha neno "mvua", akaitazama midomo yangu akingoja nianze kulitamka.

"Hivi darasani huwa unasomaje?" nilimuuliza.

"Nikisikia mara mbili, inashika," alisema. "Halafu picha inaniambia ni hadithi gani." Aliinamisha kichwa. "Ticha, usiwaambie."

"Nisimwambie nani?"

"Watoto. Na mama."

"Watoto sitawaambia. Mama itabidi nimwambie, lakini nitamwambia kosa ni langu."

Alirudi ndani. Nikafungua jina lake kwenye programu. Mstari wake wa kusoma ulikuwa wa kijani tangu mwanzo wa mwaka, umenyooka kama rula, na kila kituo cha mstari ule nilikuwa nimekiweka mimi kwa mkono wangu. Nilikaa pale kwenye veranda nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mkaguzi yeyote.

Jioni ile nilikwenda kwa mama yake. Alikuwa fundi wa nguo, mama wa Kikamba aliyekuwa na cherehani yake chini ya ghorofa wanamoishi, karibu na ngazi. Alikuwa anapinda sketi ya shule. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilihofu nikiketi nitapunguza maneno.

Kwanza alicheka. "Mwalimu, huyu? Huyu hunisomea kila jioni nikishona."

"Hukusomea kitabu gani?"

Akakitaja. Kilikuwa kile kile cha darasani. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Alitazama sketi iliyo mikononi mwake kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Lakini mwalimu, wewe uliniletea ripoti. Imeandikwa amefikia matarajio. Nimeibandika ukutani."

"Niliandika bila kumsikiliza, mama."

Nilingoja anigombeze, na angenigombeza ningenyamaza. Aliuliza tu kama ugonjwa huo unapona. Nikamwambia si ugonjwa. Ndipo akanieleza kwamba mwaka ule wa Gredi ya Kwanza walihama mara mbili, kutoka Dandora kwenda Pipeline, na kutoka Pipeline kuja huku, na kila shule mtoto alikuta wenzake wameshazipita herufi. Hakuna aliyerudi nyuma kumchukua. Akajifunza njia yake mwenyewe.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza.

Lile "tufanye" nalikumbuka mpaka leo. Alikuwa na kila sababu ya kuniambia mimi nifanye.

Nilirudi shuleni nikawasikiliza watoto wote waliobaki, na wale wa siku za mwanzo nikawarudia. Nilipomaliza nilikuwa nimepata kumi na mmoja wengine ambao hawakuweza kusoma kifungu kigeni. Wengine walikariri, wengine walivuma tu pamoja na darasa. Nikabadilisha alama zote. Darasa langu lililokuwa kijani kitupu likajaa manjano, na nyekundu zikatapakaa humo kama nyanya.

Kesho yake mwalimu mkuu akaniita. Programu ile humwonyesha madarasa yote kwa pamoja kwenye kompyuta yake.

"Madam, darasa lako limepatwa na nini? Wiki jana lilikuwa zuri."

"Zile alama za wiki jana nilizikisia, mwalimu. Hizi nimewasikiliza."

Aliegemea kiti. "Unajua mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Najua. Na ukiulizwa, nitakuja nijieleze mwenyewe."

Aliniambia niende darasani. Nilitoka nikiwa na hakika nimejiharibia. Asubuhi iliyofuata aliitisha kikao kifupi cha walimu, akasema kwamba kila darasa la chini lisikilizwe upya, mtoto mmoja mmoja, na kwamba yeye mwenyewe angekuja kutusaidia saa za asubuhi. Walimu wengine hawakunifurahia. Kwa siku kadhaa mazungumzo yalipungua nilipoingia kwenye chumba cha walimu. Lakini mwalimu mkuu alitimiza neno lake. Nilimwona mara nyingi akiwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani, akisikiliza mvua ikinyesha asubuhi na baba akitafuta mwavuli.

Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa na wale watoto kumi na wawili. Mwenzangu wa mkondo wa pili akaleta watano wake, tukawaunganisha. Tulianza na silabi. Yule msichana alizichukia.

"Ticha, hizi ni za watoto wadogo."

Ndipo mwenzangu akanipa wazo. Alisema mtoto mwenye kumbukumbu kama ile asinyang'anywe, apewe kazi ya kuitumia. Basi nikamwambia msichana anisimulie habari yake mwenyewe, nami nikaiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila. Alinisimulia jinsi paka wa jirani alivyolala ndani ya gauni la bibi harusi ambalo mama yake alikuwa amelishona. Watoto wote walicheka. Kesho yake nikaikata ile karatasi vipande vipande, neno moja moja, nikavichanganya. "Sasa nitafutie paka," nikamwambia. Kukariri hakungemsaidia hapo. Ilimbidi alitazame neno lenyewe. Alimpata paka, akampata bibi harusi, na kwenye "gauni" alikaa hadi kengele ikalia.

Kila Ijumaa nilimsikiliza kwa tableti. Alianza na maneno manne kwa dakika. Akafika tisa. Kisha mstari ukalala. Wiki tatu mfululizo ulikuwa pale pale, na Ijumaa ya tatu nilimwambia mwenzangu kwamba huenda nimechelewa, labda umri wake wa kufunguka umenipita.

Aliivuta tableti, akavaa miwani. "Unatazama kasi tu," alisema. "Gusa hapa chini, tazama makosa."

Nikagusa. Wiki ya kwanza ya zile tatu alikuwa amekosea maneno sita. Ya pili, manne. Ile ya siku hiyo, moja. Idadi ya maneno haikupanda kwa sababu alikuwa ameacha kukisia. Alikuwa akisimama mbele ya kila neno mpaka alishinde.

"Huyu anasoma, mdogo wangu," mwenzangu akasema. "Anasoma polepole tu."

Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha rangi yake iligeuka kuwa ya manjano. Kati ya wale kumi na wawili, tisa waliingia manjano au kijani. Watatu walibaki nyekundu, na mmoja wao tulikuja kugundua anahitaji msaada wa aina nyingine, akapelekwa kwa mwalimu wa mahitaji maalum. Sitaki kusimulia kana kwamba wote walipona.

Siku ya kufunga shule mama wa yule msichana alikuja. Nilimpa ripoti, nikaona anaisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo nadhani nami nilimfundisha.

"Hii umemsikiliza?" aliuliza, akitabasamu.

"Mara ishirini na moja, mama."

"Zamani alikuwa anasoma haraka," alisema, "hata mimi namsikia huku nashona. Siku hizi anasoma neno, anapumzika, anasoma lingine. Inabidi nisimamishe cherehani nimngoje." Akaikunja ripoti, akaiweka ndani ya mkoba. "Naona ni vizuri hivyo."

Mwenzangu alistaafu mwisho wa mwaka ule. Sikuwahi kumshukuru sawasawa, kwa sababu kila nilipoanza alibadilisha mazungumzo. Ninamshukuru hapa. Ninamshukuru mwalimu mkuu, ambaye angeweza kuniomba nizirudishe zile alama za kijani, wala hakuniomba. Ninamshukuru mama aliyeniuliza tufanye nini. Na zaidi ya wote ninamshukuru yule mtoto, aliyekubali kurudi kwenye veranda hata baada ya mimi kumgundua.

Mwaka huu nina watoto sabini. Juma la kwanza nilitoa dawati nje, nikaanza kuwaita. Imenichukua siku kumi na moja, na kuna kumi na wanne ambao nimewaandika nyekundu. Tutaanza nao Jumatatu, baada ya chakula.