Mgeni Kwenye Boti Yetu

Wageni wakija Kisumu huniuliza wataona wapi wanyama wa majini. Wengine hutoka Mombasa na kuuliza kama tuna pomboo, nami huwaambia pomboo walibaki kwao, huku ni ziwa. Kisha nawaelekeza vizuri, maana kazi hiyo naijua. Nendeni asubuhi, jua halijawa kali. Mwambieni mwenye boti apite kando ya mafunjo, yale majani marefu yaotayo majini, azime injini, nanyi mtafute masikio. Kiboko hutoa masikio kwanza, halafu macho, na mkikaa kimya ataleta na pua. Fisi maji mtamkuta kwenye mawe, ameshika samaki kwa mikono miwili kama mtoto mwenye mhogo. Kenge mtamwona bila kumtafuta. Nikimaliza, mara nyingi huniomba niwasindikize, nami husema nina kazi.

Kazi ninayo kweli. Nakaanga mgongo wazi huko Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Wateja hawakosi. Lakini ukweli ni kwamba kuna boti moja tu ambayo ningependa kuwapandisha, nami humo nilifukuzwa, na aliyenifukuza tulinyonya titi moja.

Baba yetu alikuwa mvuvi, mtu wa Asembo Bay aliyehamia kwenye ufuo mmoja nje kidogo ya mji. Alipofariki alituachia boti ya mbao, kaka yangu na mimi. Kaka alitaka tuendelee na nyavu tu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba watu wa mjini hawana pa kwenda Jumapili, na kwamba boti ya kubeba watu haingojei samaki. Akauliza nani atazungumza na hao watu. Kaka yangu ana haya, mbele ya wageni ulimi humganda. Nikasema nitazungumza mimi.

Akanishika mkono. "Nyaminwa," akasema, "hii boti ni yetu sisi wawili."

Nyaminwa, kwa lugha yetu, maana yake ni dada yangu. Alikuwa akiniita hivyo tangu utotoni, hata tulipogombana. Nikauza cherehani yangu, tukanunua turubai la kivuli, viti na majaketi ya kuokoa maisha.

Huku kwetu mwanamke hapandi boti ya uvuvi. Wala haruki nyavu zilizoanikwa ufuoni, kwa sababu wavuvi wanaamini samaki watahama. Mtoto wa ufuo hulijua hilo kabla hajajua kuogelea. Ndiyo maana kabla hatujaanza nilikwenda kwa wazee kuuliza, wakasema boti ya wageni si ya uvuvi, hakuna neno. Hata hivyo nyavu nilikuwa nazizunguka. Mvua ikinyesha, ndoo ikiwa kichwani, mimi nilipita kule mbali kwenye matope nikachafua viatu. Kaka alikuwa akinicheka kila asubuhi kwa hilo.

Ile kazi niliipenda, nisidanganye. Kiboko akipanua kinywa wageni walidhani anataka kupigwa picha, nami nikawaambia, huyo anatuonyesha meno ili tumwondokee, tafadhali tuwe na adabu. Wakacheka, kisha wakatazama nyuma. Lakini kilichowaleta tena ni furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe. Baba alipokuwa akirudi kutoka ziwani alimpigia mluzi na kumrushia kasamaki kadogo ambako bado kanapapatika juu ya maji. Sisi tulinunua samaki sokoni, wamekufa, na samaki aliyekufa huzama. Nilihangaika nao jikoni mpaka nikajua dawa: unamenya funjo, unachukua kipande cha ile nyama nyeupe ya ndani, unakisukuma kooni mwa samaki. Hapo anaelea. Kila siku ya wageni niliandaa ndoo nzima kabla ya chai. Kaka alipiga mluzi wa baba, mimi nikarusha, tai akashuka. Kaka hakuwahi kuuliza kwa nini samaki wangu hawazami. Labda alidhani samaki wote wako hivyo.

Kisha ukaja msimu ambao magugu maji yaliziba ghuba na nyavu zikarudi tupu. Maneno yakaanza chini chini. Ilisemekana kuna mwanamke anasimama mbele ya boti kama nahodha. Ilisemekana anaruka nyavu. Mwenyekiti wa ufuo akaitisha kikao kwenye banda la mizani, mahali tunapopimia samaki, na mimi nikaenda nimejifunga leso safi, bila wasiwasi. Nilikuwa na shahidi.

Mwenyekiti alinieleza malalamiko kwa heshima. Nikajibu kwamba sijaruka wavu wa mtu maisha yangu yote, na kama hawaniamini wamuulize kaka yangu, maana yeye huniona kila siku. Wote wakamgeukia. Kaka akatazama malapa yake. Nilidhani anatafuta maneno, si nimesema ana haya.

"Mimi nilimwambia kitambo aache hii maneno ya boti," akasema. "Hasikii. Na hizo nyavu, sijui. Labda alivuka siku moja."

Nilingoja acheke. Kwa kweli nilingoja, nilidhani ni mzaha wake wa asubuhi, kwamba sasa ataniangalia na kuwaambia jinsi ninavyozunguka kwenye matope. Hakuniangalia. Mwenyekiti akasema, "Basi, Mama, utapumzika kidogo." Watu wakaanza kuinuka. Kuna mmoja hata alinipa pole, kana kwamba nimefiwa, na hakukosea sana.

Sababu niliijua baadaye, na haikuwa fumbo. Kaka hakuwa ameziacha nyavu kabisa, siku za kazi alivua na wenzake, na wenzake walikuwa wamemwambia kwamba nisipotolewa mimi atatoka yeye. Angekuja nyumbani akanieleza hivyo, ningelia, kisha ningejitoa mwenyewe. Naapa ningejitoa. Alichagua kunitoa mbele ya watu, kwa uongo, na baada ya hapo hakuja kabisa. Boti ya sisi wawili ikawa yake, na cherehani yangu iko kwenye duka la mtu huko Kombewa inashona sare za shule.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kila Jumapili wanawake wa Nairobi hupanda boti ile ile. Huruka nyavu wakiwa na viatu vya visigino ili wapigwe picha, na wavuvi huwashika mkono wasianguke. Samaki hawahami kwa ajili yao. Inaelekea samaki wetu huwakimbia mabinti wa ufuo peke yao.

Jumapili moja nilivaa gauni la kanisani na miwani ya jua, nikajiunga na kundi la wageni, nikalipa kama wao. Nilitaka kujua ataniambia nini. Kaka alikuwa akigawa majaketi. Aliponifikia mkono ulisimama, halafu ukaendelea.

"Madam," akasema, "vaa hii."

Nikavaa. Nilikaa kwenye kiti nilichokichagua mimi dukani, na nikasikiliza maneno yangu yakitoka kinywani mwake. Alisema masikio kwanza, halafu macho. Alisema huyu anatuonyesha meno, tafadhali tuwe na adabu, na alinyamaza pale pale ninaponyamaza mimi ili watu wacheke. Walicheka. Yule mtu wa haya alikuwa amenikariri wakati wote ule, na mimi nilidhani anaendesha injini tu.

Ndoo ya samaki ilikuwa karibu na miguu yangu. Nilichungulia. Samaki walikuwa wabichi, wazuri, na koo zao hazikuwa na kitu. Ningeweza kusema. Mafunjo yalikuwa pale pale ubavuni mwa boti, ningevunja moja nikamaliza kazi kabla hajageuka. Nikaweka mikono mapajani.

Akapiga mluzi wa baba. Tai akaondoka kwenye mti wake bila kusita, kama alivyozoea, na kaka akarusha. Samaki alizama kabla ndege hajafika. Tai alipiga maji kwa makucha, akainuka mikono mitupu, akazunguka juu yetu mara moja akilia, akarudi mtini. Kaka akarusha mwingine. Naye akazama. Sikufurahi. Nilimhurumia yule ndege, aliyeitwa kwa mluzi anaoujua, akaja kwa kuamini.

Wageni walikuwa wameshashusha simu zao. Kaka alikuja akainama kando yangu, akijifanya anakaza mkanda wa jaketi langu.

"Nyaminwa," akasema kwa sauti ya chini, "hawa samaki ulikuwa unawafanyia nini?"

Kumbe jina langu alikuwa nalo. Nikarekebisha miwani yangu na kutazama mbele.

"Sijui, Bwana," nikamwambia. "Mimi ni mgeni hapa."