Aliyeshika Kamera

Hajji Akram hakumwambia akae. Alisimama mlangoni mwa studio yake mjini Mbarara, akazipitisha picha za Topista upesi upesi kwenye skrini ya kamera kama mtu anayechambua maharage yaliyooza.

"Nyabo, hawa watu uliwachoma moto? Sura hakuna. Naona meno tu."

"Ilikuwa harusi ya binamu yangu huko Masha, Hajji. Jua lilikuwa kali."

"Usisingizie jua." Akamrudishia kamera. "Enda ujifunze kumweka mtu kwenye mwanga. Ukijua, rudi. Usiporudi pia sawa."

Topista aliondoka na kamera yake. Alikuwa mwanamke wa Ngarama, ameolewa na askari aitwaye Apollo, Mteso, na kwa kuwa yeye hakujua Kiteso wala mumewe hakujua Kinyankore, nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili cha kambini. Mwaka 2011 Apollo alipelekwa Somalia. Miezi michache baadaye mwenzake aliyekuja likizo alimletea Topista kamera ndogo ya dijitali, pamoja na ujumbe kutoka kwa mumewe: asikae bure, apige picha za harusi. Basi kamera ilitoka kwa Apollo mwenyewe, na wazo pia lilikuwa lake.

Tatizo lilikuwa watu wa kujifunzia. Katika kambi ya jeshi walikoishi hakuruhusiwa kupiga picha nje ya nyumba yake, na wanawake aliowaomba waingie ndani walikataa. Evas, mke wa sajini, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, alimjibu mbele ya wengine kwenye bomba la maji.

"Sura yangu iende wapi? Picha ya bibi ya askari haizururi. Kama wewe unataka kuzurura, zurura na yako."

Wanawake walicheka. Topista akajitwika ndoo yake, akarudi nyumbani, na tangu siku ile akaamua kujifunza kwa sura yake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati, duara, yenye mlango mmoja na kidirisha kisichozidi sahani. Asubuhi jua lilipiga mlangoni moja kwa moja. Alitundika shitingi nyeupe, ile plastiki ya turubai, mlangoni, na mwanga uliokuwa ukikata kama wembe ukaingia laini. Nyuma ya kiti alitundika blanketi la jeshi. Upande wa giza aliegemeza shuka jeupe kwenye ndoo mbili, akaona kwenye picha shavu lake lililokuwa limezama gizani likirudi taratibu. Kamera ilikaa juu ya stuli na masufuria. Ili ijue pa kulenga, aliweka jerikeni juu ya kiti na kuifunga kitambaa chake cha kichwa; akishalenga anaitoa, anabonyeza, kamera inaanza kulia ti, ti, ti, naye anakimbilia kiti na kujiweka sawa kabla haijapiga.

Picha za mwanzo zilimtia kinyaa. Shingo imepotea, macho yametumbuka, vidole vimesogea mbele vikawa vinene kama ndizi. Alizitazama bila huruma, kama Hajji Akram. Akajifunza kugeuza bega kwanza ndipo arudishe uso. Akajifunza kwamba akishusha kidevu kidogo tu macho yanapata uhai, na akikishusha zaidi anaonekana mtu aliyekaripiwa. Mikono ndiyo iliyomtesa kuliko vyote. Alikuwa na desturi ya kujiamuru kwa sauti: "Geuka kidogo. Hapo, hapo. Usicheke. Baki hivyo."

Bati halifichi sauti. Evas alisikia maneno hayo asubuhi baada ya asubuhi, akaiona shitingi imefungwa mchana kweupe, akamwona Topista akitoka amejipaka poda. Akampigia simu mumewe, yule sajini, aliyekuwa kikosi kimoja na Apollo huko Somalia, na maneno yakamfikia Apollo.

Apollo alirudi mwaka uliofuata, mchana, na begi lake begani. Topista aliinuka kumpokea. Apollo alipita, akaketi kitandani.

"Lete kamera."

Akampa. Apollo alianza kuzitazama picha moja baada ya nyingine, polepole, bila kuvua buti. Zilikuwa nyingi mno. Topista akiwa na gomesi, gauni lake la sherehe, Topista ameegemea kiganja, Topista anatazama kando, Topista anatazama mbele kwa macho ambayo Apollo hakuyajua.

"Nani alishika hii kamera?"

"Hakuna mtu. Inapiga yenyewe."

"Nakuuliza tena. Hapa ulikuwa unaangalia nani?"

"Kioo cha kamera, mzee. Nilikuwa najifunza."

"Mtu hawezi angalia kioo hivi." Alinyanyua uso. "Mimi niko kwa shimo kule, mabomu yanaanguka, wewe hapa unaambia mwanaume 'baki hivyo'. Watu walisikia."

"Watu gani? Evas? Uliuliza Evas kabla ya kuuliza mimi?"

Topista alimpokonya Apollo kamera, akavuta stuli, akatundika shitingi na blanketi. "Kaa pale." Apollo aliketi kwenye kiti, labda kwa kushangaa tu kwamba ameamriwa. Topista akalenga, akabonyeza, akarudi nyuma hadi ukutani na kuinua mikono yote miwili juu ili mumewe aone kwamba haijagusa kitu.

Ti, ti, ti. Kamera ikapiga.

Walitazama pamoja. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Mwanga ulimwangukia Apollo shavuni na kwenye paji la uso, ukaonyesha kila mstari ambao Somalia iliuchora. Na machoni chuki ilionekana wazi, safi, haina pa kujificha. Topista aliogopa. Si kwa ajili ya kupigwa. Aliogopa kwa sababu alijua sasa kwamba mtu huyu hakurudi kutafuta ukweli.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona." Apollo aliirudisha kamera mapajani. "Kumbe hakuna mtu. Basi ni mbaya zaidi. Mwaka mzima ulikuwa unajiangalia. Simu zangu unasema huna nafasi ya kuongea, kumbe una nafasi ya kujipaka poda na kuangalia sura yako."

Maneno hayo yalimwingia kwa sababu kidogo yalikuwa kweli. Mara nyingine simu ililia wakati mwanga uko vizuri, akaikata.

"Nilikuwa natafuta kazi. Wewe ndiye uliniambia."

"Nilikuambia harusi." Akaenda kuirusha kamera ndani ya sanduku lake la chuma, akafunga kufuli, akatoka kwenda kunywa kwa sajini, aliyerudi naye.

Hakujua kwamba Topista, alipompa mgongo kutundika shitingi, alikuwa ameshaichomoa kadi ya picha na kuifunga kwenye pindo la shuka. Picha ya mwisho, iliyopigwa bila kadi, kamera iliihifadhi tumboni mwake. Kabla ya jioni Topista alikuwa amefunga nguo zake. Alipopita, Evas alikuwa anaanua nguo. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Hajji Akram aliiweka kadi kwenye kompyuta, akazipitia picha moja moja, mdomo umepinda.

"Pua yako umeizoea," akasema. "Uniletee pua za wengine ndipo nitajua. Vijana wangu hawataki kwenda Nakivale kwa wakimbizi, wanasema vumbi. Wewe utaenda. Kamera ni yangu, ukiivunja, usirudi."

Ndivyo alivyoanza kupiga picha Base Camp, katikati ya Nakivale, kwenye kibanda cha mbao karibu na soko, shitingi imetundikwa mlangoni kama kule kambini. Apollo alieneza kwamba mkewe ametoroka na mpiga picha, na baadhi ya ndugu za Topista huko Ngarama waliamini. Mamake alimpa pa kulala, ila hakumwuliza chochote.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Kikongo, Nyirabahire, aliyetaka picha ya kumtumia kaka yake Kanada. Aliingia amekunja uso.

"Banasema munafanyaga batu beusi kama makala. Nikitoka vile, silipi. Na usiniambie nicheke. Hapa hakuna kitu ya kunichekesha."

"Usicheke, mama. Kaa. Geuza bega kwanza, halafu uso."

"Sababu gani nigeuke? Uso ni hii hii."

"Geuka nikuonyeshe."

Nyirabahire alisonya, akageuka kwa hasira. Kidevu kikapanda juu mno, mikono ikakaza vidole. Topista aliacha kamera, akaketi chini sakafuni mbele yake, akaweka mikono yake mapajani namna alivyoona inafaa, akangoja. Mama yule aliitazama mikono ile, kisha, bila kulegeza uso hata kidogo, akaiweka yake vilevile.