Mtamba wa Parmuat Aliyepigwa Mnada Kanisani

Niliondoka Karatu asubuhi ile kwa sababu ya hasira. Huko nyumbani Machame wapo wanaosimulia kwamba nilipanda Ngorongoro kupeleka Injili. Si kweli. Injili ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikaa kwenye kiti cha mbele cha lori langu la Bedford. Mimi nilipeleka ng'ombe.

Kwanza nijulikane, maana siku hizi kila mwenye baiskeli anajiita mfanyabiashara. Nilitoka Machame na darasa la pili na panga la baba. Leo ukifika Karatu ukauliza kwa Mangi, hata mbwa atakuonyesha. Duka langu, mashine ya kusaga yangu, lori langu, na sikurithi hata msumari. Kimasai nilijifunza kwa kuuza shuka na ugoro kwenye maboma ya juu, wakati hao waliosoma walikuwa wanaogopa kushuka kwenye gari. Na huko juu, upande wa Nainokanoka, mzee mmoja anaitwa Parmuat alinipa kondoo. Kwa Wamasai, ukipewa mnyama, jina lako linaisha kati yako na aliyekupa. Kondoo akitoka mkononi mwake akaingia mkononi mwako, wewe unamwita Paker na yeye anakuita Paker, mpaka mmoja wenu azikwe. Wachaga wangapi wanaitwa hivyo? Nitajieni mmoja.

Ni mimi niliyempeleka Mchungaji Anders kwa Parmuat. Mchungaji huyu alitoka Denmark na mkewe na binti yao Ingrid, wakapewa nyumba ya misheni pale Karatu. Watu wazuri, sitawasingizia. Mama Ingrid alikaa na wanawake wa boma akajifunza kusafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto bila kukunja uso. Mtoto aliwainamia wazee wamguse utosini, kama watoto wa pale. Mchungaji mwenyewe hakuanza na mahubiri. Alikuja, akanywa maziwa, akauliza habari za ng'ombe, akarudi zake. Alifanya hivyo hadi Parmuat akamuuliza, "Wewe, huyo Mungu wako unamfichia nini?" Ndipo akaanza kueleza. Baadaye mjukuu wa Parmuat akabatizwa, na Parmuat akatoa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, akamshika Mchungaji mkono, akamwita Paashe. Hilo ndilo jina la waliopeana mtamba, na mtamba wa jina hauzwi. Nilikuwepo. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa sikilizeni alichofanya na huyo mtamba.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno mimi nilikuwa Arusha nafukuzia kibali cha dizeli. Ningekuwepo, haya yote yasingetokea. Mnajua desturi ya makanisa yetu: kila mtu analeta alichovuna, mahindi, maharage, kuku, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada pale nje. Mchungaji hana shamba. Akaona aibu kusimama mikono mitupu mbele ya washirika. Basi akaenda nyuma ya nyumba, akamfungua mtamba wa Parmuat, akamleta madhabahuni. Kwa moyo safi kabisa! Na wazee wa kanisa, wazee wenye mvi, wengine wamezaliwa hapa hapa, wakapiga makofi. Kwaya ikaimba. Mkulima mmoja wa Mbulumbulu, Mzee Bura, akapanda dau kuliko wote akaondoka na ng'ombe kwa vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Mchungaji, huyu umepewa na nani?"

Siku ya gulio akanijia kijana wa boma la Parmuat dukani. Hakununua kitu. Alisema tu, "Mzee amesikia mtamba wake kauzwa kanisani. Anasema, yule mgeni wa Paker asije tena." Mmeona? Si Paashe tena, ni mgeni. Tena ni mgeni wangu! Neno langu ndilo lililomfikisha pale, na lingeanguka pamoja naye. Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata nilipofiwa na shemeji.

Nilimkuta Mchungaji anatengeneza pampu ya maji. Nikamwambia yote.

"Lakini Mangi," alisema, "mimi nilimtolea Mungu. Nilifikiri Mzee Parmuat atafurahi."

"Mungu alikuomba ng'ombe wa Parmuat?"

Mama Ingrid akatokea mlangoni. "Nilikuambia uulize kwanza," alimwambia mumewe, kwa Kiswahili, makusudi, ili nisikie.

Alfajiri iliyofuata mimi, Mchungaji, mkewe na Ingrid tulielekea Mbulumbulu kumtafuta mtamba. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu wa kule ukilowa ni kama umepakwa samli. Tulipopita Rhotia lori lilikuwa linakwenda ubavu. Dereva mwingine angegeuza. Mimi nilifika.

Mzee Bura ni Mwiraqw wa siku nyingi, ana ngano na maharage mpaka macho yanachoka. Alitukaribisha vizuri, akatuletea uji. Nikamwambia ninao ng'ombe wa maziwa nyumbani, nitambadilishia, achague mwenyewe zizini. Akakataa. Nilipomweleza sababu aliweka bakuli chini.

"Mangi, unanieleza kwamba ng'ombe huyu ni wa Mmasai?"

"Alikuwa wa Mmasai."

"Babu zangu walichimba nyumba ndani ya mlima kwa kuwakimbia hawa watu," alisema. "Leo nyinyi mnaniletea ng'ombe wao mpaka zizini, tena na kwaya juu!"

"Ndiyo maana tunataka kumrudisha, Mzee," Mchungaji alisema.

"Basi nakwenda naye, nimkabidhi kwa mkono wangu. Ng'ombe wangu hapandi lori peke yake na Mchaga."

Nilimeza tusi. Tukampakia mtamba, na Bura akasimama nyuma pamoja naye, kajifunika blanketi, fimbo mkononi.

Geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi, tulifika jua limeshapanda. Askari alizunguka lori, akachungulia nyuma.

"Huyu naye ni mtalii?"

"Anarudi kwao," nilisema.

"Watu wanashusha ng'ombe kwenda mnadani, nyinyi mnapandisha. Mna akili?"

"Muulize Mchungaji."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Askari akacheka, akafungua kizuizi. Mimi sikucheka.

Msituni ukungu ulikuwa mzito hata boneti siioni vizuri. Kule juu kwenye ukingo, magari ya watalii yalikuwa yamesimama, Wazungu wamevaa makoti wanapiga picha ukungu. Sisi tulikata kulia, tukafuata ukingo wa mashariki. Ingrid alilala mapajani mwa mama yake. Mchungaji aliniuliza mara moja tu, "Mangi, je, atanisamehe?" Nikamwambia, "Kusamehe ni kazi yenu watu wa kanisa. Mimi sijui." Nilikuwa nimekasirika hata gia zilinisikia.

Nainokanoka palikuwa na jua la baridi na upepo. Kwenye boma, watoto walimkimbilia Ingrid, na mke wa Parmuat, Mama Nolari, akamshika Mama Ingrid mkono akamwingiza ndani kama kawaida. Wanawake hawakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wetu.

Parmuat alikuja polepole.

"Paker," alinisalimia.

"Paker," nikaitika, na moyo wangu ukatulia kidogo. Jina langu lilikuwa bado hai.

Akamgeukia Mchungaji. "Karibu, mgeni."

Tukamshusha mtamba. Alinusa upepo, akalia mlio mmoja, na ndani ya zizi ng'ombe mwingine akajibu. Niliona macho ya Parmuat yakitazama doa la paji. Nikajua tumeshinda. Nikaanza kusema kwa sauti, kama mtu aliyefanya kazi kubwa, kwamba mtamba amerudi, aliyemnunua ni huyu hapa, amemleta kwa hiari yake, basi mambo yaishe na Paashe aitwe Paashe.

Parmuat aliuliza, "Alipigwa mnada?"

"Ndiyo."

"Watu walitaja bei?"

"Walitaja."

"Basi ni ng'ombe wa huyu mzee." Alimnyooshea Bura fimbo. "Mzee, ng'ombe wako ni mzuri. Utamnywesha wapi?"

Bura, ambaye njia nzima alikuwa amejiandaa kwa vita, aliteremsha fimbo yake.

Hapo hasira zangu zikapasuka. Sikubagua. Nilimwambia Parmuat kwa Kimasai, mbele ya watu wake: "Na wewe! Ulimpa mtu wa Ulaya ng'ombe ukanyamaza. Ulimweleza ng'ombe huyo anasema nini? Atajuaje? Kwao ng'ombe ni maziwa na nyama, basi!"

Vijana waliokuwa pembeni walisogea. Mzee aliwazuia kwa kiganja. Hakupandisha sauti.

"Paker, huyu mtu alimwagia mjukuu wangu maji kichwani. Maji tu, ya kisimani kwangu. Nilimwuliza maana yake, akanieleza, na niliposhindwa kuelewa nilimwuliza tena. Sasa mwulize: maji yale niliyapeleka mnadani?"

Nilimfasiria Mchungaji neno kwa neno. Sikupunguza kitu. Nilitaka yamuingie.

Yalimuingia. Alikaa chini kwenye nyasi pale pale alipokuwa, suruali yake safi kwenye samadi, akafunika uso. Mchungaji mwingine angetoa aya.

Mama Ingrid alitoka nyumbani mwa Mama Nolari na kibuyu mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Kimasai chake kilikuwa kinazidi cha mumewe. Akasema na Parmuat moja kwa moja, anatafuta maneno, lakini anaeleweka.

"Baba, sisi tumekuletea mablanketi. Tumekuletea dawa. Mnyama hatujakuletea hata mmoja."

"Hamjaleta," Parmuat alisema.

"Nina mbuzi nyumbani. Nimemlea kwa chupa tangu mama yake afe. Ingrid anakunywa maziwa yake."

"Ni wa nani?"

"Wangu. Hakuna aliyenipa."

Parmuat alimtazama mama huyu, akamtazama mumewe aliyekaa chini. "Mbuzi naye ni mnyama," alisema, akageuka kwenda kutazama ng'ombe wake.

Njia ya kurudi tulirudi na mtamba yule yule, Bura nyuma yake anapiga mluzi kama bwana harusi. Dizeli yangu ya kibali, nimeimaliza kumpandisha ng'ombe Ngorongoro atazame ukungu! Getini askari yule yule alichungulia tena.

"Kwao wamemkataa?"

Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu Mchungaji atasoma.

Mbulumbulu tulimshusha mtamba jua likizama. Bura alinipa mkono. "Mangi," alisema, "yule Mmasai aliniuliza nitamnywesha wapi ng'ombe wangu. Wangu, alisema." Alirudia neno hilo mpaka nikawasha gari. Miezi michache baadaye nikasikia amepanda mwenyewe kwa miguu hadi Nainokanoka, na gunia la maharage juu ya punda. Mambo yake hayo.

Safari ya pili tulienda dizeli ilipopatikana. Ingrid alimkumbatia mbuzi wake njia nzima, akalia kuanzia getini hadi juu. Nilimhurumia, nikampa pipi ya dukani, tena bure. Kwenye boma, Mama Ingrid alimpa mumewe kamba, na mumewe akampa Parmuat. Mzee alimpapasa mbuzi mgongoni, akamtemea mate kidogo kifuani, kwao hiyo ni baraka, kisha akamshika Mchungaji mkono.

"Pakine," alisema.

"Pakine," Mchungaji akaitika.

Hilo ni jina la mbuzi. Kutoka mtamba mpaka mbuzi! Mtu anaweza kuanguka hivyo kwa Jumapili moja tu, kwa sababu ya makofi na kwaya. Mimi bado ni Paker, na kondoo, kwa wasiojua, yuko juu ya mbuzi. Namkumbusha Mchungaji kila tunapoonana. Anacheka. Ibada za kule juu zinaendelea, na siku hizi kabla hajafundisha neno anauliza wao wanasemaje, kisha anakaa chini anasikiliza. Hilo nalikubali kwamba amejifunza.

Ila hasira zangu kwa wazee wa kanisa hazijaisha, wala siwafichi. Wanasema nimekuwa mkorofi. Na niwe! Kila sikukuu ya mavuno nasimama mbele kabisa, pembeni ya mpiga mnada, nimevaa koti langu la Arusha. Kuku akinyanyuliwa, maboga yakinyanyuliwa, nanyamaza. Lakini akinyanyuliwa mnyama mwenye miguu minne, hata kama kwaya imeshaanza, nauliza kwa sauti ya kufika Rhotia: "Huyu umepewa na nani?" Na mnada unasimama mpaka mtu ajibu.