Mama Wawili, Jina Moja

Nasikia siku hizi mtu huiandikia kompyuta amri, nayo hukataa kitu kilichokwisha kuingia kwenye orodha kisiingie tena. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, hapa Kakamega, kompyuta nilikuwa mimi, na umeme wangu ulikuwa chai na viazi vitamu.

Nilikuwa nimemaliza gumbaru, ile shule ya watu wazima, na cheti changu kilinitembeza kifua mbele hadi kuku wakanipisha njiani. Ofisi ya ardhi ikanichukua niandike orodha ya wanaoomba mashamba kule Lugari, ambako Wazungu walikuwa wakiondoka. Tatizo ni kwamba watu wetu waliona ombi kama mbegu ya mahindi: tia tatu shimoni, moja haikosi kuota. Mtu alijiandikisha kijijini kwake, siku ya soko akajiandikisha Lubao, na akipita mjini akajiandikisha tena.

"Kila mtu mara moja tu," mkubwa wangu akasema. "Ijumaa orodha inasomwa barazani. Asiyesomwa, shamba limempita."

Nikakata vikaratasi, kila ombi na chake: jina na kijiji. Kabla ya kutia kimoja sandukuni nilitazama kwanza kama mwenzake yumo. Hayumo, ingia. Yumo, nje. Kufikia Jumanne sanduku lilikuwa safi kuliko sahani ya askofu. Vya nje niliambiwa nichome, lakini mtu wa gumbaru hachomi karatasi yenye mgongo mweupe. Nikaviweka kwenye debe nije nifanyie hesabu kwenye migongo hiyo.

Jumatano akaja mwanamume wa Malinya, kofia mkononi.

"Bwana karani, naambiwa mimi siko."

Nikafungua sanduku. "Uko. Jina lako hili, na Malinya hii hapa."

"Huyo ni mtoto wa baba mdogo."

"Na jina?"

"Jina ni la babu. Alikufa mwaka tuliozaliwa sisi wawili. Ulitaka nani akatazwe kumrithi?"

Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba sehemu yake ya shamba alikwisha kuwaachia ndugu zake. Nyumba ilikuwa imejaa, na yeye ndiye aliyekubali kuhama. Akiikosa Lugari, hana pa kupanda hata kitunguu.

Cheti changu kikawa kizito mfukoni. Wangapi wengine nilikuwa nimewafuta?

"Nyumbani mnatofautishwanga vipi?" nikamuuliza.

"Kwa mama. Mama yangu aliolewa kutoka Sigalagala, wake ni wa Lubao. Hata mbwa wetu anajua, karani."

Nikafunga debe nyuma ya baiskeli. Alhamisi nzima nilipanda vilima ambavyo naapa havikuwepo Jumatano. Kila kijiji nilimwita mkuu wake, nikamsomea jina, nikamuuliza: hawa ni mmoja au wawili, na mama zao ni wa wapi? Wengi walikuwa mtu mmoja mwenye tamaa. Lakini saba walikuwa watu kamili, nami nilikuwa nimewazika wakiwa hai. Mkuu wa Malinya alicheka hadi akashika ukuta: mgeni wangu wa jana, yule mnyonge mwenye kofia, alikuwa amejiandikisha mara tatu. Nikamwachia kikaratasi kimoja tu, na kwenye kila jina la namna hiyo nikaongeza mama ametoka wapi.

Ijumaa mkubwa wangu akasoma. Alipofika Malinya akasoma jina la babu, kisha akalisoma tena, akasita, akanitazama kama anayemtazama mwizi.

"Karani, nilisema mara moja tu."

"Soma mpaka mwisho wa mstari, mzee."

Akavaa miwani. "Mama wa Lubao," akasoma. Mtu mmoja akasimama. "Mama wa Sigalagala."

Yule wangu akasimama kando ya binamu yake, kofia kichwani safari hii.